Mke wa Kaini alitoka wapi? Majibu manne kwa mwalimu wa kipaimara, na lipi la kumpa nani

Darasa letu la kipaimara hukaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, huku Kirumba, Mwanza, mahali ambapo upepo ukigeuka unaleta harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni. Jumamosi moja binti wa darasa la saba alikuja na Biblia ya bibi yake, Union Version ya jalada jeusi lililobanduka pembeni. Tulikuwa tumemaliza Mwanzo sura ya 4. Akanyoosha vidole vinne.

"Adamu, Hawa, Kaini, Habili." Akakunja kimoja. "Habili kafa." Akavitazama vile vitatu, kisha akanitazama mimi. "Sasa mwalimu, hapa mwanamke ni mmoja tu, na ni mama yake. Kaini kaoa nani?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia tutalizungumza Jumamosi ijayo, na uso wake ukaonyesha wazi kwamba ameshalisikia jibu la namna hiyo kwa watu wazima wengine.

Nilikuwa na wiki nzima. Nikawauliza wanajumuiya, jirani wa Kipentekoste, mzee wa Kiislamu anayeuza nafaka, na kijana wetu anayesoma chuo Nyegezi. Yakapatikana majibu manne. Nayaweka hapa kwa ajili ya mwenzangu yeyote mwenye darasa, maana kila moja lina faida yake na kila moja lina bei yake. Kukwepa pia kuna bei. Mwaka 1925, katika kesi maarufu ya mwalimu aliyefundisha nadharia ya mageuko huko Dayton, Tennessee, wakili Clarence Darrow alimuuliza mwanasiasa William Jennings Bryan, mtetezi wa Biblia, kama aliwahi kugundua Kaini alimpata wapi mkewe. Bryan akajibu kwamba anawaachia wasioamini wamtafute. Imepita miaka mia moja hivi, na swali lile lile linatumika bado kuwaaibisha Wakristo vijiweni.

Kwanza, Mwanzo yenyewe

Mwanzo haisemi popote kwamba Adamu na Hawa walikuwa na watoto wawili tu. Inawataja wawili kwa sababu kisa ni cha hao wawili. Mtu akikusimulia ugomvi wa kaka na mdogo wake juu ya shamba huko Magu, hakuhesabii dada zao wote.

Halafu kuna maneno mawili ya Kiswahili cha Biblia yanayowapoteza wasomaji. La kwanza ni "akamjua". Tunasoma kwamba Kaini alikwenda kukaa nchi ya Nodi, halafu "akamjua mkewe". Kwa Kiswahili cha kila siku unaona kama wamekutana huko na kufahamiana, kwa hiyo Nodi ilikuwa na watu tayari. Lakini sura hiyo hiyo inaanza kwa kusema Adamu "akamjua" Hawa mkewe, naye hakuwa amekutana naye siku hiyo. Ni lugha ya heshima ya kusema walilala pamoja. Andiko halisemi Kaini alioa Nodi. Inawezekana kabisa aliondoka kwao akiwa na mke.

La pili limo Mwanzo 5:4. Adamu, baada ya kumzaa Sethi, aliishi miaka 800, "akazaa wana, waume na wake". Nimewahi kumsikia msomaji wa kanisani akisimama hapo, akadhani ni waume na wake wa ndoa. Maana yake ni watoto wa kiume na wa kike. Mabinti wametajwa, ila wametajwa kwa haraka, katikati ya orodha ya miaka ambayo wengi wetu huiruka.

Jibu la kwanza: alikuwa dada yake

Au binti wa ndugu yake, hesabu ni ile ile. Hili ndilo jibu la zamani kuliko yote, na ndilo alilonipa jirani wa Kipentekoste kabla sijamaliza kuuliza.

Nguvu yake ya kwanza ni kwamba halitoki nje ya ukurasa. Mabinti wapo, sura ya 5. Hawa anaitwa mama wa wote walio hai, sura ya 3. Paulo pale Athene, Matendo 17:26, anasema Mungu alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja. Nguvu ya pili ni hesabu. Adamu alikuwa na miaka 130 Sethi alipozaliwa, na Sethi alikuja kuchukua nafasi ya Habili. Kwa hiyo mauaji yanaweza kuwa yametokea miaka mingi baada ya uzao wa kwanza. Chukulia kila wawili wanazaa sita, nusu wavulana nusu wasichana, na kizazi ni miaka 25. Kutoka wawili unapata 6, kisha 18, 54, 162, na kizazi cha tano, mwaka wa 125, kina watu 486. Hicho ni kijiji. Ndipo kilio cha Kaini, "kila anionaye ataniua", kinapoeleweka. Anayelipiza kisasi cha damu ni ndugu wa marehemu, na wote aliowaacha nyuma walikuwa ndugu wa marehemu.

Tena jibu hili haliko kwa Wakristo peke yetu. Kitabu cha Yubile, kilichoandikwa karne ya 2 kabla ya Kristo na ambacho Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linakihesabu ndani ya Biblia yake, kinamtaja mwanamke huyo kwa jina: Awan, dada yake Kaini. Mzee wa nafaka naye alinipa kiti, akanieleza kwa utulivu: Bibi Hawa alijifungua mapacha, mvulana na msichana, na kila mvulana alipaswa kumwoa pacha wa ndugu yake. Kabili, yaani Kaini, akakataa kumwacha wake, ugomvi ukaanzia hapo. Kurani, sura ya 5, inawasimulia wana wawili wa Adamu bila kuwataja majina. Majina na habari za mapacha zimo katika masimulizi ya wafasiri. Marabi wa kale nao walisimulia habari za mapacha. Watu wa dini tatu wamefika pale pale kwa njia tofauti kidogo.

Bei yake unaijua. Kwetu Usukumani wazee huuliza koo za pande zote mbili kabla ng'ombe hata mmoja hajatoka zizini. Ukisema "alimwoa dada yake" mbele ya watoto thelathini, uwe tayari na sentensi inayofuata, la sivyo umewaacha na jambo baya. Na usidhani kila mtoto aliyekaa pale anaishi katika nyumba salama.

Utetezi wa kawaida ni kwamba katazo lilikuja baadaye. Ni kweli. Sheria ya Walawi 18 ilitolewa wakati wa Musa. Kabla ya hapo Abrahamu anasema wazi kwamba Sara ni binti wa baba yake, ila si binti wa mama yake (Mwanzo 20:12), na Amramu, baba yake Musa mwenyewe, alimwoa shangazi yake Yokebedi (Kutoka 6:20). Wengine huongeza kwamba damu ya Adamu ilikuwa safi, haina kasoro za kurithi, kwa hiyo madhara hayakuwepo. Hapo nakuomba uwe mkweli: hilo ni kisio, Biblia haikulisema. Kisio lenyewe halina upuuzi. Watu wa Kanda ya Ziwa tunaijua sikoseli. Mtoto huugua akipokea vinasaba vya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wakiwa wamevibeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Ndugu wa tumbo moja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba kasoro ile ile, kwa sababu wameirithi mahali pamoja. Kama hapakuwa na kasoro ya kurithi, basi hapakuwa na hatari hiyo. Lakini hilo "kama" lisemwe.

Jibu bora la swali la "mbona basi sasa ni dhambi?" nililipata kwa Augustino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa pande za Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430. Yeye hakuanza na magonjwa. Alisema ndoa za ndugu mwanzoni zilitokana na ulazima, maana wengine hawakuwepo. Watu walipoongezeka, ulazima ukaisha, na kuendelea nazo kukawa uovu. Sababu yake ni upendo. Undugu uwafikie watu wengi iwezekanavyo. Ukimwoa dada yako, baba yako ndiye baba mkwe wako, kaka yako ndiye shemeji yako. Mtu mmoja anashika nafasi mbili, na kuna mtu mwingine mahali fulani aliyekosa kuwa ndugu yako. Ukioa mbali, nyumba mbili zilizokuwa hazijuani zinaitana wakwe.

Nilipolieleza hili kwenye jumuiya, mzee mmoja kutoka Sengerema alinikatiza: "Mwanangu, hiyo ndiyo kazi ya mahari." Ng'ombe wanavuka kwenda kwa watu usiowajua, na siku ya msiba watu hao wanavuka kuja kwako. Sijapata maelezo mazuri kuliko haya kwa mtoto wa darasa la saba: Mungu alikataza ndoa za ndugu ili tupate ndugu wapya.

Jibu la pili: kulikuwa na watu wengine

Kijana wa chuo alianza na hili. Kaini anaogopa watu, ana mke, anajenga mji. Mji wa nani? Basi nje ya Edeni walikuwepo watu ambao hawakutoka kwa Adamu.

Mfaransa Isaac La Peyrère aliliandika hilo kitabu kizima mwaka 1655, akidai kwamba Adamu ni baba wa Wayahudi, na mataifa mengine yaliumbwa kabla yake. Mwaka uliofuata alikamatwa Brussels, akaishia kwenda Roma kuikana hoja yake mbele ya Papa.

Kwa juujuu jibu hili linavutia: linaondoa aibu ya dada, linajaza mji wa Kaini. Nami nilivutiwa kwa siku mbili. Kisha nikaona lilikopita. Katika karne ya 19, huko Marekani, walitokea waandishi waliolichukua wazo la watu wa kabla ya Adamu na kulitumia kufundisha kwamba mtu mweusi hatoki kwa Adamu. Ni kiumbe wa uzao mwingine, wa chini, na kwa hiyo unaweza kumfanyia usiyoweza kumfanyia ndugu. Ni sisi waliokuwa wakituandika. La Peyrère hakukusudia hayo, na kijana wetu wa Nyegezi hakuyajua. Lakini mlango ukishafunguliwa kwamba kuna watu wa Adamu na watu wasio wa Adamu, mtu atakuja kuuliza wewe uko upande gani.

Na lugha yetu yenyewe inakataa. Tunasema binadamu, bin Adamu. Tunasema mwanadamu, mwana wa Adamu. Mtu asiyetoka kwa Adamu utamwitaje kwa Kiswahili? Papa Pius wa 12, katika barua yake ya mwaka 1950, aliwaambia Wakatoliki kwamba hawawezi kushika maoni kwamba baada ya Adamu walikuwepo duniani watu wa kweli ambao hawakuzaliwa katika ukoo wake. Sababu aliyoitoa ni mafundisho ya dhambi ya asili. Mimi naongeza hii ya kwetu.

Lipo toleo jepesi la jibu hili: kwamba Mungu alimchagua Adamu kati ya watu waliokuwepo awe kichwa chao, kama mtemi anavyosimama kwa niaba ya watu wake. Wapo Wakristo makini wanaolishika, na halina ubaya wa lile la La Peyrère ikiwa wote wanahesabiwa chini ya kichwa kimoja. Ila Hawa kuitwa mama wa wote walio hai kunabaki bila maelezo mepesi.

Jibu la tatu: Adamu ni sisi sote

Kwa Kiebrania adamu ni mtu, au wanadamu, na adama ni udongo. Hawa ni jina lenye maana ya uhai. Nodi inatokana na neno la kutangatanga. Kwa wanaojibu hivi, majina hayo yanatuonyesha aina ya simulizi: ni habari ya kweli juu ya mtu, Mungu na dhambi, iliyosimuliwa kwa picha. Mwandishi hakuwa akiandika rejista ya vizazi na vifo, kwa hiyo kumuuliza mke wa Kaini alitoka wapi ni kumuuliza jambo asilokuwa na nia ya kulieleza.

Nguvu ya jibu hili ni kwamba linaweza kukaa meza moja na sayansi, na sisi wa Mwanza hatuwezi kujifanya sayansi hiyo iko Ulaya. Ukipanda basi, ukapita Serengeti hadi Ngorongoro, uko Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu Zinjanthropus mwaka 1959, lenye umri wa miaka milioni 1 na laki 7 na zaidi. Watoto wetu hulisoma shuleni Jumatatu baada ya kusoma Mwanzo Jumamosi. Wataalamu wa vinasaba nao wana hoja yao. Kila mtu hubeba nakala mbili za kila jeni, kwa hiyo watu wawili hubeba zisizozidi nne. Baadhi ya jeni za kinga ya mwili leo zina aina maelfu. Kwa makadirio yao, mababu zetu hawakuwahi kupungua chini ya maelfu kadhaa.

Mvuvi mmoja aliyekuwepo kwenye jumuiya alipinga kwa mfano wa ziwani: sangara waliletwa wachache miaka ya 1950 na 1960, leo wamejaa ziwa zima. Ni hoja nzuri, na inaonyesha wachache wanaweza kujaza nchi. Lakini swali la wataalamu haliko kwenye wingi, liko kwenye tofauti zilizomo ndani ya damu.

Bei ya jibu la tatu iko kwa Paulo. Warumi 5 inamweka Adamu mmoja mkabala na Kristo mmoja. Kwa mmoja dhambi iliingia, kwa mmoja neema. Ukimyeyusha Adamu kabisa, lazima useme mlingano huo unasimama juu ya nini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 390, inashika pande zote mbili: Mwanzo 3 inatumia lugha ya mafumbo, lakini inathibitisha tukio lililotokea kweli mwanzoni mwa historia ya mwanadamu. Mimi nasimama hapo. Nakiri kwamba mahali hapo hapana kiti cha starehe.

Jibu la nne: Kaini ni mtoto wa nyoka

Sitakaa hapa sana. Wapo wanaofundisha, wakimfuata mhubiri Mmarekani William Branham, kwamba Hawa alizaa na nyoka na Kaini ndiye uzao wake. Hoja yao kubwa ni 1 Yohana 3:12, kwamba Kaini alikuwa "wa yule mwovu". Lakini Yohana katika sura hiyo anazungumzia matendo, na Mwanzo 4:1 inamaliza shauri: Adamu akamjua Hawa mkewe, naye akamzaa Kaini, akasema amempata kwa Bwana. Jibu hili halimpatii Kaini mke hata hivyo. Tena linafanya kosa lile lile la jibu la pili, vibaya zaidi: linaweka watu wenye damu ya Mungu upande huu na wenye damu ya shetani upande ule. Usimpe mtu yeyote.

Lipi umpe nani

Mtoto wa kipaimara mpe la kwanza, pamoja na Augustino, bila kuacha hata dakika moja katikati. Sema "alimwoa ndugu yake" na "Mungu alikuja kukataza, na sababu ni hii" kwa pumzi moja. Usimwambie mtoto kwamba ni fumbo. Ameuliza kwa vidole, ajibiwe kwa hesabu.

Mwanafunzi wa chuo au mwalimu wa bayolojia mpe la tatu, ukimfungulia Warumi 5 hapo hapo ili ajue kazi iliyobaki. Ukimpa la kwanza peke yake ataona unamtaka achague kati ya kanisa na darasa lake, na vijana wengi tumewapoteza kwa chaguo hilo lisilo la lazima. Lakini akikuambia yeye anaridhika na la kwanza, mwache nalo. Halimzuii kusoma.

Jirani Mwislamu usimfundishe. Kaa, msikilize habari za mapacha, mwambie mnakubaliana wapi. Mimi niliondoka kwa mzee wa nafaka nimepimiwa na choroko za bure.

Anayeuliza kijiweni ili watu wacheke, msomee Mwanzo 5:4 kwa sauti, basi.

Na yeyote akija na la pili au la nne, kabla ya kubishana aya muulize jambo moja: kwa hesabu yako, ni nani hapa duniani si ndugu yangu? Akitaja mtu, jibu lake limeshindwa, hata kama limeujaza mji wa Kaini watu.

Jumamosi iliyofuata nilimjibu yule binti mbele ya wenzake. Tukafungua sura ya 5, yeye mwenyewe akasoma "wana, waume na wake". Tukafanya hesabu ubaoni hadi 486. Nikawaeleza habari za wakwe na ng'ombe, wakaelewa upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wametoka kwenye harusi Misungwi.

Yeye alikuwa bado ananyoosha vidole. Safari hii viwili.

"Kwa hiyo mwalimu, huyo mke wa Kaini... Habili alikuwa kaka yake?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa kaka yake."

Akaifunga Biblia ya bibi yake, akaiweka mapajani, akatazama kule ziwani.